Si David Pitt aliyetangulia katika Baraza la Malodi

Wengi hudai Dkt. David Pitt ndiye mtu mweusi wa kwanza kuingia Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza. Sivyo. Learie Constantine, mwanakriketi wa Trinidad, aliingia 1969; Pitt alifuata 1975.

Linaloniuma ni kwamba dai hilo linafunika kazi aliyoifanya Pitt kwao Karibi. Mzaliwa huyu wa Grenada alisomea udaktari Edinburgh, akatibu wagonjwa San Fernando, Trinidad, na mwaka 1943, chini ya ukoloni, akashiriki kuanzisha chama cha West Indian National Party kudai haki ya kura kwa kila mtu mzima na visiwa kujitawala.

London alihamia 1947. Huko aligombea ubunge 1959 na 1970, akashindwa mara zote mbili. Uenyekiti wa Halmashauri ya London Kuu, 1974, ndipo kweli alipokuwa mweusi wa kwanza.