Kung'oa thamostati hakuponyi gari linalochemka

Gari kuukuu likianza kuchemka kwenye foleni za Kampala, mafundi wengi hung'oa thamostati wakisema nchi zetu za joto haziihitaji. Si kweli, na ushauri huu unaumiza injini.

Thamostati ni vali yenye nta ndani, inayofunga na kufungua njia ya maji ya injini kwenda kwenye rejeta. Maji yakiwa baridi hujifunga. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta huyeyuka, hutanuka na kuifungua. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto wake, hunywa mafuta zaidi, na vyuma husagika. Chanzo cha kuchemka nacho bado kipo: rejeta iliyoziba kwa kutu, feni isiyozunguka, au mfuniko wa rejeta uliochoka.

Mfuniko huo wengi huudharau. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mgandamizo unaolindwa na mfuniko ndio unaoyazuia. Injini ikipoa kabisa, ufungue, utazame mpira wake. Una nyufa? Nunua mwingine. Jaza kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, si maji ya bomba. Thamostati ikikwama, weka mpya.