Mtoto wa mgongo wazi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtoto akizaliwa na uvimbe mgongoni, huku kwetu Dodoma swali la kwanza humwangukia mama. Alivunja mwiko gani? Alichoma sindano za uzazi wa mpango muda gani? Akina mama wanatoka leba na uchungu wa kujifungua pamoja na aibu isiyo yao, na jambo hili linaniuma sana. Mgongo wazi si laana, wala sindano za uzazi wa mpango hazihusiki. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Usipofunga, ndipo kasoro hutokea. Upungufu wa foleti, yaani vitamini B9, huchangia, pia urithi, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti. Mwenye kifafa asiache dawa kwa hofu. Azungumze na daktari kabla ya kushika mimba.

Hesabu hizo siku 28, utaona kwa nini "foliki (vidonge vya foleti) nitaanza nikienda kliniki" haitoshi. Wengi hufika kliniki mimba ina miezi minne. Mikrogramu 400 za foliki kwa siku zinatakiwa kuanza angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. "Tunakula mlenda na kunde, inatosha"? Mboga hizo ni nzuri, ziendelee kuliwa, ila foleti nyingi hupotea jikoni. Na unga wa uwele au mahindi uliosagwa kwenye mashine ya kijijini kwa kawaida hauna virutubishi vilivyoongezwa kiwandani, kama foliki.

Dhana inayoua upesi ni ile ya kuuona uvimbe kama jipu: utumbuliwe, upakwe majani au unga wa dawa. Ndani ya mfuko ule mna maji ya uti wa mgongo, na mara nyingi neva zenyewe. Ukitumbuliwa, vijidudu vinapanda hadi kwenye ubongo. Kinachofanyika wodini ni hiki: mtoto analazwa kifudifudi au kwa ubavu, uvimbe unafunikwa kwa gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi ili usikauke, na kinyesi kinazuiwa kisifike hapo. Anapewa rufaa. Upasuaji hutakiwa ndani ya siku mbili au tatu, hasa kama kidonda kiko wazi. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ina huduma ya upasuaji wa ubongo na mgongo, na MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili inayopasua pia ubongo na mgongo, iko Dar es Salaam. Umechelewa wiki nzima kutoka Mpwapwa? Njoo hivyo hivyo, bado anatibika.

"Akishapasuliwa atatembea." Hapa lazima tuwe wakweli kwa wazazi. Upasuaji hufunga mgongo na kuzuia maambukizi. Neva zilizokwisha kuumia haurudishi. Wapo wanaotembea, wapo wa magongo, wapo wa kiti cha magurudumu. Wengi wana akili ya kusoma shule kama wenzao.

Kidonda kikipona, msitulie. Wengi hujaa maji kichwani, kwa hiyo kichwa kipimwe kwa tepu kila kliniki. Utosi ukivimba, akitapika, au macho yakielekea chini, ni hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda akahitaji shanti, mrija wa kutoa maji yaliyozidi kichwani. Na mkojo unaodondoka muda wote msiuzoee: kibofu kisichoisha mkojo huharibu figo polepole. Mama hufundishwa kuutoa kwa mpira mwembamba safi, mara kadhaa kwa siku, na baada ya mazoezi anaweza kabisa.

Kisha wifi na mama mkwe wanasema huyu asizae tena. Utafiti wa Uingereza wa 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa aina hii, miligramu 4 za foliki kwa siku ziliwapunguzia hatari ya kujirudia kwa asilimia 72. Hiyo ni mara kumi ya dozi ya kawaida na huandikwa na daktari, kwa hiyo mke na mume waende kumwona kabla hawajatafuta mimba nyingine.