Je, wajua kwa nini nywele za kipilipili hujirudi zikilowa?

Umetoka saluni, nywele zimepigwa drai mpaka zinagusa mabega. Kabla hujafika kituo cha daladala manyunyu yanakukuta, na ukiingia nyumbani ziko juu ya masikio, utadhani hukumlipa msusi. Ule urefu umekwenda wapi?

Kwanza jambo la kushangaza: unywele mmoja mmoja ukilowa haufupiki, unarefuka. Mwaka 1783 mtaalamu wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alieleza jinsi ya kupima unyevu wa hewa kwa kutumia unywele wa binadamu uliofungwa kwenye kifaa chenye mshale. Hewa ikijaa unyevu, unywele hurefuka na mshale husogea. Hewa ikikauka, hufupika tena. Badiliko lenyewe ni dogo, asilimia 2 hivi, lakini lilitosha kwa vifaa vya namna hiyo kutumika miaka mingi katika vituo vya hali ya hewa.

Basi kichwani kwako hakuna kilichosinyaa. Springi tu imeachiwa.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, nyuzi kwa nyuzi, na nyuzi hizo zimeshikanishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni imara kama mshono wa cherehani: viungo vya salfa, ambavyo maji hayaviwezi. Ya pili ni kama vifungo vya shati: viungo vya haidrojeni, kimoja kimoja ni dhaifu, ila viko vingi mno. Maji yakiingia, vifungo hivi hufunguka. Nywele zikikauka, hujifunga upya, na hujifunga kwa umbo lolote ambalo unywele umelishika wakati huo. Drai inafanya kazi hiyo hiyo: nywele mbichi huvutwa kwa brashi, hewa ya moto huzikausha zikiwa zimenyooka, vifungo vinafungwa. Yakija maji, vinafunguka, na unywele unarudi kwenye umbo la mshono wake.

Mshono huo haukuanzia juu. Kinyweleo, kile kishimo kwenye ngozi ambamo unywele huota, kwa mwenye kipilipili kimepinda, na unywele hutoka ukiwa bapa kidogo na umeshajisokota. Ndiyo maana zikikatwa fupi hujikusanya vipunje vipunje kama pilipili manga, zikapata jina. Nywele ndefu za namna hii zinaweza kuficha zaidi ya nusu ya urefu wake. Kwa hiyo malalamiko ya "nywele zangu hazikui" mara nyingi si kweli: zinakua kama robo milimita kwa siku, karibu sentimita 9 kwa mwaka. Ni polepole kuliko za singa, lakini zinakua. Ama zimejikunja, ama zinakatikia nchani kwa kasi ile ile zinayoota nayo.

Dawa ya kunyoosha ni habari nyingine kabisa. Nyingi zina alkali kali, na zile za zamani hutumia sodiamu haidroksaidi, kostiki ile ile ya watengeneza sabuni. Hiyo haigusi vifungo tu, inafumua mshono wenyewe. Nywele zilizotiwa dawa hazirudi hata zikipigwa na masika nzima. Zile zinazoota chini huja na kipilipili chao kama kawaida, na pale zinapokutana za zamani na mpya ndipo hukatika. Pasi ya nywele nayo, nyingi zikifika digrii 200 na zaidi, ikirudiwarudiwa huua umbo moja kwa moja. Ukiziosha ukaona fungu moja limelala huku wenzake wamejikunja, ujue hilo limeungua.

Ndiyo maana mimi nawavulia kofia bibi zetu na uzi wao mweusi. Nywele za uzi, zile zilizotufanya tuonekane tuna antena kichwani, zilikuwa drai isiyo na umeme. Unaziosha, unagawa mafungu, unavuta fungu na kulizungushia uzi kutoka kwenye shina hadi nchani, kisha unalala. Vifungo vinajifunga usiku kucha, nywele zikiwa zimenyooshwa, bila joto. Mabutu manene na twende kilioni hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Faida yake si urefu wa kuonekana tu: nywele zilizojikunja hujifunga vifundo zenyewe kwa zenyewe, na kila kifundo ni mahali pa kukatikia.

Na maji yasichukiwe kwa sababu ya lile tukio la kituoni. Mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa huteleza kirahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye kona nyingi za kipilipili huishia njiani, ncha zikabaki kavu. Kuzichana kavu ni kuzivunja. Zilowanishe, tia kitu cha kuzilainisha, shika chanuo la meno mapana, anza nchani ukipanda kuelekea kwenye shina. Kisha mafuta. Ya nazi yana sifa yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na ya alizeti na ya madini, ukaona ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini, kwa kuwa hupenya ndani ya unywele. Mafuta ya mgando hukaa juu tu; yanazuia maji yasitoke, mradi maji yawemo kwanza.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Nywele zilizonyooshwa Dodoma wakati wa kiangazi zinaweza kumaliza wiki. Zipeleke Unguja na jioni utaona zimeanza kupanda, hata kama hakuna tone la mvua. Saussure angeelewa. Na kwa wanaorudi kwenye uzi: hakikisha nywele zimekauka hadi ndani kabla ya kufumua. Zikiwa bado mbichi, vifungo havijafungwa, na umelala na antena zako bure.