Patel si mwenye duka, jamani

Juzi msibani mzee mmoja ninayemheshimu sana kanifundisha, bila hata kuulizwa, kwamba jina la ukoo la Patel, "kwa Kihindi ni mwenye duka." Nikanyamaza, msiba una adabu zake. Leo sina msiba.

Kwanza neno ni la Kigujarati, lugha ya Gujarat, magharibi mwa India. Patel ni mkuu wa kijiji. Jumbe. Na sisi cheo cha ujumbe kiligeuka jina la ukoo vilevile: Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar kuanzia 1972, alikuwa mwalimu, wala sijasikia mtu akimwuliza anaongoza kijiji gani.

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya kodi ya ardhi na kusimama mbele ya mtawala kijiji kisipolipa. Waingereza wa Bombay waliigawa: patel wa kodi, patel wa polisi. Wamarathi husema patil, neno lilelile. Asili yake ndiyo inayoniumiza kichwa. Hati za kale zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba zinataja cheo cha pattakila, na patta yaweza kuwa kitambaa, bamba au hati ya ardhi. Mimi nashikilia hati, ingawa siku nyingine najiona king'ang'anizi tu.

Sasa lile linalonichoma: "Kina Patel wote ni ndugu." Ndugu wa wapi? Wapo Wahindu, wapo Waislamu wa Bharuch, huko Gujarat, wapo Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Kijiji cha Waislamu jumbe wake ni Mwislamu, ulitegemea nini? Hata hao Wahindu, wengi wao ni wa jamii ya wakulima walioitwa Wakanbi, ambao baadaye walijiita Patidar, yaani wenye fungu la ardhi. Jina la mkuu mmoja likaenea jamii nzima, kama kijiji kizima kuamka asubuhi na kujiita kina Jumbe. Kwa hiyo Patel unayemjua, huenda babu yake hakuongoza hata mbuzi. Na ndani ya Patidar, matawi yao mawili, Leuva na Kadva, kwa desturi hayakuoana. Huko Charotar, eneo la Gujarat, vijiji sita vyenye sifa, Nadiad na Karamsad vikiwamo, viliozana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwatazama Patidar wengine kwa pembe ya jicho. Undugu gani huo?

Duka limetoka wapi basi? Limetoka kwetu: tulimwona Patel nyuma ya kaunta, tukadhani jina ndiyo kazi. Wengine walikuja huku kwetu kufanya kazi ya ukarani. Na kabla yao maduka ya bara yalishatapakaa mkononi mwa Alidina Visram, Khoja (Mwislamu wa Kiismailia) wa Kutch, wala si Patel.

Patel maarufu kuliko wote, Vallabhbhai, mmoja wa viongozi wa uhuru wa India, alikuwa wakili. Mwaka 1928 huyo mwenye jina la mkusanya kodi ndiye aliyewaongoza wakulima wa Bardoli, huko Gujarat, kugomea kodi ya ardhi, na mapatel wa vijijini, wale wa cheo hasa, wengi wakaandika barua za kujiuzulu.