Kwa nini tela la pikipiki mbili huweza kulishinda basi dogo la watu 15?

Kila Agosti, barabara za jimbo la South Dakota nchini Marekani hujaa watu wanaokwenda Sturgis, mji mdogo unaopokea mkusanyiko wa waendesha pikipiki tangu mwaka 1938. Ukitazama vizuri utaona si pikipiki zote zinazoendeshwa. Nyingine zimepanda tela, zinavutwa na pikapu au na veni kubwa za abiria, zile za viti 12 au 15 ambazo makanisa na vyuo vya huko huzipenda. Wenye pikipiki wamekaa ndani na kiyoyozi. Wenzao walioendesha njia nzima huwacheka sana, lakini kilomita elfu moja na zaidi juu ya tandiko si mchezo.

Sasa hapa kuna fumbo. Veni kama Ford E-350 au Chevrolet Express 3500 zina injini za kuvuta zaidi ya tani 3. Pikipiki kubwa za safari, tuseme Honda Gold Wing mbili, zina kama kilo 370 kila moja. Ongeza tela la kilo 360, jumla unapata kilo 1,100. Kwa injini ile huo ni mzigo wa kitoto. Hata hivyo ni mzigo huohuo ambao, dereva akishafika kilomita 100 kwa saa kwenye mteremko, unaweza kuanza kucheza mkia, kushoto, kulia, kila yumbo kubwa kuliko lililopita, hadi veni nzima ivutwe nje ya njia yake.

Injini haina kosa hapo. Kosa liko kwenye mahali uzito ulipokaa.

Msukuma mkokoteni wa Kariakoo analijua jambo hili bila kufundishwa. Akipanga magunia nyuma sana ya magurudumu, mikono ya mkokoteni inanyanyuka na yeye ananing'inia. Akiyasogeza mbele kidogo, mikono inalemea kidogo mikononi mwake na mkokoteni unamtii. Tela nalo lina shingo, yaani ule mkono wa chuma unaokwenda kukaa juu ya gololi ya chuma nyuma ya bampa. Shingo inatakiwa ilemee. Kipimo wanachokitumia mafundi wa Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela lenye mzigo. Kwa tela letu la kilo 1,100, gololi inatakiwa ibebe kati ya kilo 110 na 165.

Kuna video maarufu mtandaoni inayoonyesha kinachotokea kipimo hicho kikivunjwa. Kigari cha mfano chenye tela kimewekwa juu ya mkanda unaozunguka. Vyuma vya uzito vikiwa mbele ya ekseli ya tela, yaani mhimili wa magurudumu yake, mtu analisukuma tela kwa kidole, linayumba mara moja mbili na kutulia. Vyuma vikihamishiwa nyuma, kidole kilekile, msukumo uleule, tela linaanza kupepea kama lina wazimu na halisimami tena. Uzito ni uleule na kasi ni ileile, ila vyuma vimehama.

Sababu yake ni hii. Tela likipigwa na upepo wa lori linalolipita, huzunguka kidogo kwenye gololi. Tairi zake hulirudisha kwenye mstari. Uzito ukiwa mbele, tairi zinashinda upesi. Uzito ukirundikana nyuma, tela likishaanza kuzunguka ni gumu kulizuia, linapita mstari, linarudi upande wa pili, na linasukuma mkia wa gari kila linapopita. Kila tela lina kasi yake ya hatari: chini ya hapo mayumbo hufa yenyewe, juu yake hukua. Shingo ikiwa nyepesi, kasi hiyo ya hatari hushuka, na dereva huipita bila habari.

Na pikipiki ni mzigo wenye hila, kwa sababu uzito mwingi umekaa mahali padogo. Kreti za soda unaweza kuzitandaza. Pikipiki inakaa pale tu kizuizi cha tairi la mbele kilipofungwa. Chukua tela letu, umbali kutoka gololi hadi ekseli ya tela uwe mita 2.7, na shingo iwe inalemea kilo 120. Sogeza pikipiki zote mbili nyuma sentimita 20 tu, urefu usiozidi kiganja kilichokunjuliwa. Shingo inapoteza karibu kilo 55. Ulikuwa na asilimia 11, sasa una 6. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Tela linaonekana limepakiwa vizuri kabisa.

Kwa hiyo watu hupima. Mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili inatosha, hata kama ukomo wake ni mdogo. Unalaza ubao imara, mwisho mmoja juu ya tofali, wa pili juu ya mizani, halafu unashusha shingo ya tela juu ya ubao ikiwa karibu na tofali: sehemu moja kutoka tofali, sehemu mbili kutoka mizani. Mizani itasoma theluthi moja. Ukizidisha kwa tatu, umepata jibu.

Hapo tumemaliza na tela. Veni nayo ina lake, na hapa ndipo wengi huteleza.

Ford walipotengeneza E-350 ya watu 15 hawakuongeza umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ulibaki mita 3.5, sawa na ile fupi. Walichofanya ni kurefusha bodi kwa nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma. General Motors kwenye Express ndefu walichagua vingine: walirudisha ekseli nyuma, umbali ukatoka mita 3.43 hadi 3.94. Mimi ningekuwa wa kuvuta tela, ningechagua hiyo ya pili bila kufikiri mara mbili. Kadiri mkia wa gari unavyokuwa mrefu nyuma ya ekseli, ndivyo tela linavyopata mkono mrefu wa kulitikisia gari. Gololi ikiwa mita 1.6 nyuma ya ekseli, shingo ya kilo 120 haiongezi kilo 120 kwenye tairi za nyuma. Inaongeza 175, na kilo 55 zinaondoka kwenye tairi za mbele, zile zinazokata kona.

Juu ya hapo weka abiria. Siti ya mwisho kabisa ya veni hizo, ya watu wanne, iko nyuma ya ekseli. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitangaza mwaka 2001 kwamba veni hizi zikibeba watu 10 au zaidi, hatari ya kupinduka ni karibu mara tatu ya zikiwa na watu chini ya watano. Uzito umepanda juu na umerudi nyuma, bila tela lolote. Tangu magari ya mwaka 2012 mfumo wa kielektroniki wa kulituliza gari linapoanza kuteleza ni lazima huko, na umesaidia, lakini bado zipo veni za kabla ya hapo zinazozunguka.

Maana yake ni kwamba abiria na pikipiki wanagombea tairi zilezile mbili za nyuma. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi uzito fulani, na uzito wa shingo ya tela unahesabiwa kuwa mzigo. Anayevuta pikipiki kwa veni aing'oe siti ya mwisho au aiache tupu, watu wakae mbele, na kwenye keria ya juu pasiwe na kitu. Kujaza watu 15 kisha kuning'iniza tela nyuma ni safari ambayo binafsi nisingeikubali hata kwa nauli ya bure.

Breki ni suala fupi. Majimbo mengi ya Marekani hulazimisha tela kuwa na breki zake likivuka pauni 3,000, kama kilo 1,360. Uingereza ukomo wa tela lisilo na breki ni kilo 750. Tela letu la kilo 1,100 linapita kihalali kwa Wamarekani wengi na kukamatwa na Waingereza, na hapa naona Waingereza wana hoja.

Kufunga pikipiki zenyewe kuna siri moja. Mikanda hufungwa chini ya usukani, pale chuma kinaposhika shokapu mbili za mbele, kwa vitanzi vya kitambaa ili rangi isichubuke. Inavutwa mbele na pembeni mpaka shokapu zizame kama nusu ya mwendo wake. Zisipozama, tela likiruka shimo shokapu zinabonyea, mkanda unalegea sekunde moja, na ndoano inadondoka. Zikizama mpaka mwisho, sili za mafuta zinaumia. Stendi ya pembeni inakunjwa. Pikipiki iliyoegemea stendi ndani ya tela inaigonga sakafu kila tuta mpaka stendi ipinde, na mikanda yote inalegea kwa pamoja.

Na tela likianza kucheza mkia? Mguu hutaka breki, nayo ndiyo hulikunja tela kabisa. Unaachia mafuta taratibu, unashika usukani ukiwa umenyooka bila kufukuzana na mayumbo, na kama tela lina breki za umeme unazibonyeza peke yake kwa kile kiswichi cha mkononi. Kutoka kilomita 110 hadi 80 kwa saa, nguvu ya mwendo inapungua karibu nusu. Kuongeza mwendo ili "kulinyoosha" tela ni ushauri wa kijiweni, usiufuate.

Ukishatulia unaegesha na kuangalia. Hata bila msukosuko wowote, kilomita 20 au 30 za kwanza hulegeza mikanda. Sogeza pia mkono karibu na vitovu vya magurudumu ya tela. Joto la kawaida ni sawa, lakini kimoja kikiwa cha moto mno kuliko mwenzake, ama breki imeng'ang'ania ama grisi ya beringi imekwisha, na tela lisitoke hapo mpaka gurudumu lifunguliwe.