Kashata nene hazitoshi kupima tairi

Wengi wanaonunua gari la spoti kwa mara ya kwanza, tuseme Subaru Impreza WRX iliyotumika Japani, huamini kwamba kashata (vinundu vya raba vinavyogusa barabara) zikiwa nene, tairi ni zima. Lakini raba hukakamaa kwa umri na jua hata gari likiegeshwa tu, na mshiko kwenye lami yenye maji hupungua. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wenye herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Wakati mwingine ziko ubavu wa ndani, itabidi uchungulie chini.

Kata usukani, papasa ukingo wa ndani wa tairi. Ukiwa umelika kuliko wa nje, huenda alaimenti (mkao wa magurudumu) imeharibika. WRX huendeshwa na magurudumu yote manne, hivyo tairi moja jipya kati ya makuukuu huichosha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Pigia hesabu ya matairi manne.