Sindano ya mgongo siyo ninayoiogopa

Mama akisubiri operesheni ya kujifungua, swali huwa lilelile, na mara nyingi analiuliza shangazi au mama mkwe aliyemsindikiza: "Dokta, hiyo ya mgongo si itamlemaza mwanetu?" Dawa yenyewe inaitwa bupivakeini, ganzi ya muda mrefu iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1957. Mimi ni daktari wa usingizi hapa Mwanza, na dawa hii naishika karibu kila siku. Hata mimi naiogopa, ila si pale wanapoiogopea wao.

Kwenye mgongo tunaweka mililita 2 na kidogo za bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, yaani miligramu 10 hadi 12. Imetiwa sukari ili izame kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Tunadunga kiunoni, chini ya mahali ugwe mgongo, yaani kamba kuu ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, unapoishia. Presha inaweza kushuka, ndiyo maana utaona dripu inakimbia na mama ameinamishwa kidogo upande wa kushoto. Wengine huumwa kichwa siku zinazofuata, hasa wakikaa; sindano nyembamba hupunguza hilo. Maumivu ya mgongo baada ya uzazi huwapata hata waliojifungua kawaida bila kuguswa na sindano yoyote, lakini lawama zote hubebeshwa ganzi.

Hofu yangu iko mbali na mgongo.

Chukua kijana wa Kirumba aliyejikata kiganja kwa kisu cha kupasulia sangara. Namtia ganzi mkono mzima kwa kudunga karibu na mishipa ya fahamu ya kwapani. Ana kilo 55. Sivuki miligramu 2 kwa kila kilo, kwa hiyo mwisho wake ni miligramu 110. Kichupa cha mililita 20 cha asilimia 0.5 kina miligramu 100. Kichupa kimoja tu, na karibu tumefika! Daktari wa upasuaji akiomba kingine ajazie pembeni ya kidonda, tumeshavuka. Akileta lignokeini, ganzi nyingine, badala yake hajaniondolea tatizo, maana sumu za ganzi hizi mbili hujumlishwa. Ndiyo maana nasisitiza mgonjwa apimwe uzito kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho.

Halafu kuna sindano iliyopotea njia. Kipimo kikiwa sahihi lakini kikaingia ndani ya mshipa wa damu, hesabu yote imekwenda na maji. Navuta bomba kwanza nione kama damu inarudi, nadunga mililita 3 hadi 5, nasubiri, navuta tena. Hata nikiwa na ultrasaundi sibadili mwendo huo. Wakati wote napiga soga na mgonjwa: habari za ziwani, bei ya dagaa. Akisema mdomo unafa ganzi, anasikia ladha ya chuma au masikio yanavuma, nasimama hapohapo. Kinachoweza kufuata ni degedege, kisha moyo. Bupivakeini huziba upesi milango ya sodiamu ya moyo, yaani vinjia ambavyo madini hayo hupitia ili moyo upige, na kuiachia polepole, na moyo uliosimama kwa ajili yake ni mgumu kuamsha. Kwa sababu hiyohiyo haitumiki kabisa kwa ganzi ya kufunga mkono na kudunga mshipani.

Dawa ya kuokoa ipo: mafuta ya mshipani ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa kuanzia, pamoja na oksijeni, dawa ya degedege na kukandamiza kifua moyo ukisimama. Kwa kijana wetu ni kama mililita 80. Propofoli, dawa ya kulaza usingizi, nayo ni nyeupe kama mafuta hayo, lakini isichukuliwe kuwa mbadala. Mafuta yake ni machache na inashusha presha. Mafuta yakae chumba cha upasuaji. Yakifungiwa stoo ambayo ufunguo wake uko nyumbani kwa mtu, ni sawa na kutokuwa nayo.

Mkono wa kijana utabaki na ganzi kwa saa nyingi, pengine hadi usiku. Naufunga kwa kitambaa shingoni, namkataza jiko la mkaa na injini ya mtumbwi, kwa sababu ataungua bila kujua. Kama kwao ni kisiwani Ukerewe, namshauri alale kwa ndugu mjini. Vidonge vya maumivu aanze vidole vikianza kuchonyota, asingoje uchungu ufike. Na kesho yake jioni, vidole vikiwa bado havisikii, arudi.